Kalipa za Njano na Bei ya Joto

Katika matangazo ya magari ya mitumba kutoka Japani, Uingereza na Dubai kuna picha ambayo muuzaji hasahau kuipiga: gurudumu la mbele kwa karibu, na nyuma ya rimu, kalipa ya breki yenye rangi inayowaka. Kwenye Porsche rangi hiyo husema kitu. Nyekundu ni ya diski za chuma, nyeupe ni ya diski za chuma zilizovikwa utando wa kabaidi ya tangsteni, njano ni ya diski za kaboni-kauri. Kwenye Subaru WRX STI ya mwaka 2018 njano ni rangi tu. Nyuma yake kuna diski za chuma cha kusubu zenye kipenyo cha milimita 340, ambazo unaweza kuzipata kwa dola mia mbili hivi kila moja. Diski moja ya mbele ya ile njano ya Porsche hugharimu maelfu ya dola. Asiyejua tofauti hiyo ataifurahia picha leo na kuliuza gari kwa hasara mwakani.

Makala hii ni ya mtu mwenye gari la kasi, au anayelitamani, na mwenye fedha kidogo za kuweka kwenye breki. Aanze na nini? Bei nitakazotaja ni za dola, kama zilivyo katika maduka ya Marekani; usafiri, ushuru na faida ya muuzaji wa hapa vitajumlishwa na msomaji mwenyewe. Zichukue kama vipimo vya kulinganishia, si ankara.

Kazi ya breki ni kugeuza mwendo kuwa joto, kisha kulitupa joto hilo hewani kabla halijaharibu kitu. Tupige hesabu. STI ina uzito wa kilo 1,500 hivi. Ikiwa kwenye kilomita 100 kwa saa, imebeba nishati ya karibu kilojuli 580. Ukiisimamisha kwa nguvu, nishati hiyo yote hugeuka joto ndani ya sekunde tatu au nne, nalo linatosha kuchemsha sufuria ya maji ya lita moja na robo tatu. Mwendo ukiwa kilomita 200, joto haliwi mara mbili bali mara nne: lita saba za maji. Hapo ndipo gari la kasi linapotengana na gari la kwendea sokoni, hata kama uzito wao unalingana.

Sehemu kubwa ya kazi hufanywa na magurudumu ya mbele. Tuseme yanapokea asilimia 70, na kila diski ya mbele ina kilo kumi. Kusimama mara moja kutoka kilomita 100 kutapandisha joto la diski hizo kwa nyuzi 40 na kitu za Selsiasi. Si neno. Kutoka kilomita 200, nyuzi 175. Rudia mara tatu bila kuzipa nafasi ya kupoa na umeshapita nyuzi 500.

Sasa tuteremke mlima. Gari hilohilo likishuka kimo cha mita 400, mvutano wa dunia hulipa nishati ya karibu megajuli 6, sawa na kusimama mara kumi kutoka kilomita 100. Ukishuka Kitonga au Mai Mahiu na mguu juu ya breki, gia ikiwa kwenye D, umefanya jaribio la breki ambalo watu wa Ulaya hulipia uwanja wa mashindano ili walifanye. (Lori la tani 30 likishuka hapo hapo lina mara ishirini ya hesabu hiyo, na ndiyo maana ajali nyingi za milimani huanza na dereva kusema breki zimefeli.) Upepo hupoza kidogo na injini husaidia ukiiruhusu, kwa hiyo diski hazitafika nyuzi ambazo hesabu kavu inazitaja. Lakini ukubwa wa mzigo ni huo.

Basi swali la “breki ipi inashika zaidi?” ni la mtu ambaye hajateremka mlima. Breki nzima yoyote, hata ya Vitz, ukiikanyaga kwa nguvu zote itaifikisha tairi mwisho wa uwezo wake, na ABS itaanza kutetema chini ya mguu. Kuanzia hapo, anayeamua gari lisimame wapi ni tairi na lami. Anayelipia breki za bei kubwa analipia kukanyaga kwa mara ya kumi, si kwa mara ya kwanza. Na kama tairi zako ni za mtumba zenye miaka minane, funga gazeti hili ukanunue tairi kwanza.

Kinachoshindwa kwanza

Joto likizidi, vitu havishindwi vyote kwa pamoja. Huanza kilicho dhaifu kuliko vyote, nacho ndicho cha bei ndogo kuliko vyote: mafuta ya breki.

Mafuta haya hunywa unyevu wa hewani. Yakichemka yanatoa mvuke, na mvuke hubanwa kirahisi, kwa hiyo pedeli huzama hadi sakafuni bila kitu kutokea kwenye magurudumu. Viwango vya kimataifa vinataja nyuzi mbili kwa kila daraja: mafuta yakiwa mapya, na yakiwa yameshanywa maji kiasi cha asilimia 3.7. DOT 3 lazima yasichemke chini ya nyuzi 205 yakiwa mapya, 140 yakiwa na maji. DOT 4 ni 230 na 155. DOT 5.1 ni 260 na 180. Tazama namba za pili, maana ndizo zilizomo ndani ya gari lako ikiwa hukumbuki lini yalibadilishwa. Gari lililokaa miaka saba Japani, likavuka bahari na kukaa bandarini, likaletwa na mafuta yaleyale, linazunguka mjini na breki zinazoweza kuchemka kabla ya nyuzi 160. Katika foleni za Nairobi au Dar hutajua kamwe. Utajua mlimani.

Lita moja ya DOT 4 nzuri ni dola 10 hadi 15. Mafuta ya mashindano kama Motul RBF 600, yanayochemka juu ya nyuzi 300 yakiwa mapya, ni dola 20 hivi kwa nusu lita. Juu kabisa yapo Castrol SRF, ambayo hata yakiwa na maji huvumilia nyuzi 270. Lita moja hukaribia dola 80. Kwa gari la barabarani ninapendekeza DOT 5.1, au DOT 4 bora inayobadilishwa kila miaka miwili bila kusubiri rangi igeuke kahawa. Hayo ya dola 80 yafaa kwa anayeshindana, au kwa mtu anayejijua kuwa hatakumbuka kuyabadilisha. Jihadhari na jambo moja dukani: DOT 5 si ndugu wa DOT 5.1. DOT 5 ni ya silikoni na haichanganywi na nyingine hata tone. Muuzaji akikuambia “ni zilezile”, nenda duka lingine. Fundi naye akitoa upepo, mwambie aendelee mpaka mafuta mapya yatoke kwenye kalipa zote nne, si mpaka vipovu viishe.

Cha pili kushindwa ni pedi, na hapa ndipo fedha nyingi hupotea.

Pedi ya kawaida ni unga wa vitu vingi ulioshikwa pamoja na rezini. Kuanzia nyuzi 300 na kitu, rezini huanza kuoza kwa joto na kutoa gesi, na pedi hupoteza ushikaji. Pedeli inabaki ngumu kama jiwe, dereva anakanyaga kwa nguvu zote, gari haliitiki. Hivyo unaweza kujua ugonjwa kwa mguu wenyewe: pedeli ikizama, mafuta yamechemka, pedeli ikiwa ngumu na gari likateleza mbele, pedi zimechoka kwa joto. Dawa zake ni tofauti, na fundi anayebadilisha pedi kwa sababu pedeli imezama amekula fedha yako bure.

Kwenye boksi za pedi neno linalouza kuliko yote siku hizi ni Ceramic. Lisikuchanganye. Pedi za kauri ni pedi za barabarani zenye nyuzi na unga wa kauri, zinazotoa vumbi kidogo, hazipigi kelele, na haziharibu diski haraka. Ni nzuri kwa gari la familia. Hazina undugu wowote na diski za kaboni-kauri, na nyingi kati yake huvumilia joto pungufu kuliko pedi zenye chuma ndani. Mtu akinunua pedi za kauri za bei nafuu akidhani ameongeza uwezo wa mlimani, pengine ameupunguza.

Kinachosema ukweli zaidi ni herufi ndogo zilizopigwa pembeni au mgongoni mwa pedi zinazofuata mtindo wa Marekani: mbili mwishoni mwa msimbo, kwa mfano FF au GG. Ya kwanza ni kiwango cha msuguano pedi ikiwa baridi, ya pili ikiwa moto. E ni kati ya 0.25 na 0.35, F ni 0.35 hadi 0.45, G ni 0.45 hadi 0.55. Ukiona FE maana yake pedi hupungua nguvu ikipata moto, GG haipungui. Kipimo hicho cha moto kinaishia karibu nyuzi 340 tu, kwa hiyo hakimalizi habari kwa mtu wa mashindano, lakini kwa gari la barabarani kinatosha kuziweka kando pedi nyingi za mitaani. Pedi za Ulaya hutafutiwa alama ya E ndani ya duara pamoja na 90R, inayoonyesha kuwa ushikaji wake hautofautiani na wa pedi za kiwandani kwa zaidi ya asilimia 15. Pedi isiyo na herufi wala alama yoyote, hata iwe na boksi linalong'aa, iache. Ni vigumu kunishawishi vinginevyo kwa punguzo la dola 20.

Bei za jozi ya mbele ya STI zinagawanyika hivi. Pedi za kawaida zenye jina ni dola 50 hadi 80. Pedi za barabarani za kasi, kama Ferodo DS2500 au Hawk HP Plus, ni kati ya dola 120 na 250. Pedi za mashindano kamili zinaanzia hapo na kuvuka 350. Za kundi la kati ndizo ningenunua, na ndizo ambazo kila dola yake inaonekana. Za mashindano kamili ni mtego kwa gari la kila siku: zimetengenezwa zifanye kazi kuanzia joto ambalo breki za kwenda kazini hazilifikii, hivyo asubuhi kwenye mzunguko wa kwanza zinashika vibaya kuliko pedi za dola 50, zinapiga kelele za kuamsha mtaa, na zinakula diski. Wapo vijana wanaozifunga kwa sababu ya jina. Gari lao ni la hatari zaidi kati ya nyumbani na kituo cha mafuta kuliko lilivyokuwa.

Pedi mpya pia zinahitaji kuzoeshwa: kupunguza mwendo kwa nguvu kiasi kutoka kilomita 80 hadi 20, mara kadhaa mfululizo bila kusimama kabisa, kisha kuendesha polepole zipoe. Hii haigharimu chochote ila mafuta kidogo ya petroli. Ukiiruka, pedi hujipaka kwenye diski kwa mabaka, usukani unatetema, na fundi anakuambia diski imepinda. Mara nyingi haijapinda. Ina mabaka, au unene usio sawa, na kuichonga kwenye mashine kunapunguza chuma ambacho ndicho kinachobeba joto. Kiasi cha mwisho cha unene kimeandikwa kwenye diski yenyewe, kwa kawaida karibu na herufi MIN TH. Muulize fundi akupimie kabla ya kuchonga na baada ya kuchonga.

Chuma

Chuma cha kusubu ni kitu cha kizamani kinachodharauliwa bila sababu. Hupitisha joto vizuri, hubeba joto jingi kwa sababu ya uzito wake, hakiyeyuki mpaka nyuzi 1,150 na zaidi, na gharama yake ni kumimina kwenye kalibu na kuchonga. Magari ya Porsche 911 GT3 Cup, yanayotengenezwa na kiwanda kwa ajili ya mashindano tu, yanatumia diski za chuma. Magari ya rali ya dunia yanayokuja Naivasha kwenye Safari Rally hali kadhalika.

Kwa gari la barabarani la kasi, diski nzuri za chuma chenye kaboni nyingi, zisizo na matundu, ndizo chaguo la akili. Matundu yaliyotobolewa yanapendeza, lakini kila tundu ni mahali pa ufa kuanzia, hasa diski ikipashwa moto na kupozwa mara kwa mara. Mifereji iliyochongwa usoni husaidia kufagia vumbi na gesi ya pedi, nayo inakubalika. Diski za bei poa zenye matundu na mifereji na rangi ya dhahabu, zinazouzwa kwa picha mtandaoni, huwa nyepesi kuliko za kiwandani. Ukipewa nafasi zipime kwenye mizani pamoja na ya zamani. Kilo mbili zikikosekana, umenunua kilo mbili pungufu za pa kuwekea joto.

Halafu kuna zile kava za plastiki zenye maandishi ya Brembo, zinazobandikwa juu ya kalipa ndogo ya kawaida. Nisingezitaja kama zingekuwa pambo tu. Lakini zinaziba njia ya hewa, na plastiki iko sentimita chache kutoka kwenye diski inayoweza kufika nyuzi 400. Zivue.

Vipi kuhusu breki kubwa, yaani diski pana na kalipa za pistoni sita za kufunga baadaye? Seti ya mbele ya jina la kuaminika ni dola 2,500 hadi 4,500, na mara nyingi italazimu rimu kubwa zaidi juu yake. Inaongeza kweli pa kuwekea joto. Lakini hata STI za kabla ya 2018, tangu miaka ya mwanzo ya 2000, zilitoka kiwandani na kalipa za pistoni nne na diski za milimita 326. Kwa mtu wa barabarani, na hata kwa anayeingia mbio za muda kama Kiamburing TT mara chache kwa mwaka, pedi na mafuta vitamaliza tatizo kwa sehemu ya kumi ya fedha hiyo. Na tazama wanavyofanya wenye kujua: gari la daraja la Rally1 likishindana kwenye lami huvaa diski za milimita 370, likienda kwenye vumbi huvua na kuvaa za 300, ili rimu ndogo ya inchi 15 na tairi nene viweze kuingia. Barabara zetu zenye mashimo zinaelekea upande huo wa pili. Mwenye kufunga diski kubwa na rimu za inchi 19 atatumia akiba yake kunyoosha rimu.

Kabla ya kutumia fedha hiyo yote, pima. Rangi za joto za kupaka ukingoni mwa diski zinauzwa kwa bei ndogo: ya kijani hugeuka nyeupe kwenye nyuzi 430, ya machungwa hugeuka njano kwenye 560, nyekundu hugeuka nyeupe kwenye 610. Paka zote tatu, teremka mlima wako wa kawaida kwa mwendo wako wa kawaida, simama utazame. Ikiwa hata ya kijani haijabadilika, huna tatizo la diski, na yeyote anayetaka kukuuzia diski kubwa anauza pambo.

Kaboni-kauri

Sasa tuje kwenye njano ya kweli. Kaboni iliingia kwenye breki kupitia ndege. Concorde ilikuwa nazo ilipoanza safari mwaka 1976, na mwaka huohuo timu ya Brabham ilizijaribu kwenye Formula 1. Hizo ni kaboni tupu, ambazo hazishiki vizuri mpaka zipate mamia ya nyuzi, na kwa gari la barabarani zingeua mtu asubuhi ya baridi. Za magari ya kuuzwa ni kitu kingine. Nyuzi fupi za kaboni huchanganywa na rezini, hushindiliwa kwenye kalibu, huokwa bila hewa kwenye nyuzi 900 hivi mpaka rezini igeuke kaboni, kisha hurudishwa tanuruni pamoja na silikoni, juu ya nyuzi 1,414 ambako silikoni huyeyuka. Silikoni hunywewa na vitundu vya diski, ikakutana na kaboni na kuwa kabaidi ya silikoni, kitu kigumu kiasi kwamba hukatwa kwa vifaa vya almasi. Bei inatoka hapo: siku nyingi za tanuru, na kila diski kukaguliwa peke yake. Porsche iliziweka kwenye 911 GT2 mwaka 2001, Ferrari kwenye Enzo mwaka 2002, na leo BMW huziuza kama nyongeza kwenye M3 na M4 kwa zaidi ya dola 8,000. Kwa Porsche 911 ni dola 9,000 hivi. Tesla iliwahi kuuza seti ya Model S Plaid kwa dola 20,000.

Mnunuzi anapata nini? Uzito karibu nusu ya chuma, yaani kilo 15 hadi 20 au zaidi kwa gari zima, tena uzito usiobebwa na springi, ambao huonekana wazi kwenye usukani na kwenye mashimo. Anapata diski isiyoota kutu, jambo ambalo mkazi wa Mombasa au Zanzibar ataliheshimu. Vumbi jeusi la rimu karibu linakoma. Na anapata uvumilivu wa joto ambao chuma hakina: diski haipindi wala haipotezi umbo kwenye nyuzi zinazomaliza chuma.

Asichopata ni kusimama karibu zaidi kwa mara ya kwanza. Tairi ni zilezile. Wala joto halitoweki. Kilo moja ya kaboni-kauri hubeba joto jingi kuliko kilo moja ya chuma, lakini kilo zenyewe ni nusu, kwa hiyo diski huwa moto zaidi, na moto huo hugonga pedi na mafuta yaleyale. Ndiyo maana viwanda huzitengeneza pana kupita za chuma.

Na zinakufa kwa namna mbili ambazo mwenye chuma hazijui. Ya kwanza ni uwanja wa mashindano: joto la juu lililorudiwa huunguza nyuzi za kaboni kwa oksijeni ya hewa, diski inapungua uzito bila kupungua unene. Wamiliki wengi wa 911 GT3 wanaopenda uwanja huzivua zikiwa bado mpya, wakaziweka kabatini kwa ajili ya siku ya kuuza, na kukimbilia chuma. Ya pili ni kugongwa. Kokoto inayoingia kati ya diski na ngao yake, au fundi wa tairi anayevua gurudumu kizembe na rimu ikagonga ukingo, inaweza kumega kipande, na mmego ukizidi kipimo cha kiwanda diski hiyo ni ya kutupa. Fikiria sasa ni mafundi wangapi wa pancha kati ya Chalinze na Tunduma wanaojua kufunga vijiti vya mwongozo kabla ya kuvua gurudumu la Porsche. Simlaumu fundi, hajawahi kuletewa.

Kubadilisha diski zote nne na pedi zake kwa kawaida hupita bei ya nyongeza gari lilipokuwa jipya, na mara nyingi huwa mara mbili yake. Kwa gari la mtumba la miaka saba au minane, hiyo inaweza kuwa sehemu kubwa ya thamani ya gari lenyewe. Na diski hizi hazipimwi kwa kutazama. Za zamani hupimwa kwa mizani, zikilinganishwa na uzito wa chini ulioandikwa karibu na kitovu. Kuna pia kifaa cha umeme kiitwacho Carboteq kinachosoma hali ya kaboni bila kuvua diski. Muuzaji wa Uingereza au Japani anaweza kukufanyia kipimo hicho kabla gari halijapakiwa melini. Likishafika bandarini, umechelewa.

Zile za kalipa nyeupe, ambazo Porsche ilizianzisha na Cayenne mwaka 2017, ni chuma cha kawaida kilichovikwa kabaidi ya tangsteni yenye unene wa sehemu ya kumi ya milimita. Hutoa vumbi pungufu kwa asilimia 90 kwa mujibu wa kiwanda, hazishiki kutu usoni, na bei yake ilikuwa karibu theluthi ya kaboni-kauri. Ni nzuri kwa Cayenne ya mjini. Haziongezi uzito wala kuupunguza, na hazichongwi: utando ukiisha, diski imeisha. Sheria ya Ulaya ya Euro 7, inayoweka kikomo cha vumbi la breki kwa aina mpya za magari kuanzia mwishoni mwa 2026, itafanya diski za namna hii zizoeleke, kwa hiyo bei yake ina nafasi ya kushuka.

Mwenye gari la umeme asome kurasa hizi kwa utulivu. Mota zake hufanya kazi kubwa ya kupunguza mwendo na kurudisha nishati kwenye betri; Porsche husema kwenye Taycan hadi asilimia 90 ya breki za kila siku hazigusi pedi. Volkswagen ilifunga breki za ngoma nyuma ya ID.3 na ID.4, na watu wakacheka, ilhali adui wa gari hilo ni kutu ya diski isiyotumika, si joto.

Hukumu yangu ni hii. Mwenye STI, Evo, Golf GTI au gari la daraja hilo: dola 40 za mafuta, 250 hadi 350 za pedi za kati mbele na nyuma, na 300 hadi 400 za diski za mbele zisizo na matundu ikiwa za sasa zimefika kipimo. Kwa dola 800 hivi atakuwa amemaliza, na milimani ashuke na gia aliyopandia, maana injini ni breki ambayo haina bei. Anayeshindana aongeze njia za hewa za kupoza diski, pedi za mashindano za kubadilisha akifika uwanjani, na mafuta mapya kabla ya kila msimu. Breki kubwa zisubiri rangi ya joto iseme. Kaboni-kauri iwe kwa anayenunua gari jipya, analiendesha kwenye lami, na anajali kilo kumi na tano za kupunguza kuliko anavyojali bei. Kwa gari la mtumba lenye kalipa za njano, dai karatasi ya kipimo. Muuzaji asipoitoa, hesabu kwamba diski zote nne zimekwisha, toa gharama yake kwenye bei, na akikataa, tafuta gari lilelile lenye kalipa nyekundu.